Mimea ya Viungo Inaponyong'onyea Kivulini: Utatuzi wa Matatizo kwa Bustani za Nyanda za Juu Kusini

Katika viwanja vingi vya Mbeya, Iringa na Njombe, sehemu iliyo karibu zaidi na mlango wa jikoni ndiyo yenye kivuli. Ni kipande kilichobaki baada ya nyumba kujengwa, uzio wa tofali za kuchoma kuinuliwa na mparachichi kuachwa ukue, na ndipo hasa mpishi angependa kuchuma giligilani, mnanaa au vitunguu majani bila kuvuka uwanja. Mimea hiyo hupandwa hapo kwa matumaini, hustawi miezi miwili au mitatu, kisha hunyong'onyea. Mwenye bustani naye hufanya lile ambalo karibu kila mtu hulifanya: huongeza maji, na maji yasiposaidia huongeza samadi.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu nimeshuhudia dawa hizo mbili zikiua mimea mingi kuliko kivuli chenyewe. Kivuli cha huku juu hakiji peke yake. Huja na udongo wa baridi na unyevu usiokauka, na kikiwa ni cha mti huja pia na mizizi yenye kiu. Dalili za mambo hayo hufanana kwa mtu anayetazama akiwa amesimama, ila tiba zake hupingana. Kwa hiyo kabla ya kushika ndoo au koleo, ninamwomba msomaji ajiulize maswali mawili: kivuli hiki kinatokana na nini, na tatizo lilianza mwezi gani?

Kupima kivuli kabla ya kutafuta ugonjwa

Miongozo mingi ya bustani inayosomwa mitandaoni imeandikwa kwa ajili ya Uingereza au Marekani, ambako upande wa kusini wa nyumba ndio wenye jua. Anayeufuata ushauri huo hapa kwetu hupanda mahali pasipofaa. Mbeya iko takribani nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Iringa takribani nyuzi 8. Mwezi Juni jua la katikati ya mchana hukaa upande wa kaskazini, likiwa limeinama kiasi cha nyuzi 32 kutoka utosini, hivi kwamba ukuta wa mita 3 unaokwenda mashariki na magharibi hutupa kivuli cha karibu mita 2 upande wake wa kusini hata wakati ambapo jua liko juu kabisa. Mwezi Desemba mambo hugeuka: jua hupita upande wa kusini, kivuli cha ukuta uleule hupungua na kuwa chini ya mita moja, nacho huhamia kaskazini. Kati ya vipindi hivyo viwili jua hupita utosini mwa Mbeya mara mbili, yaani katikati ya Oktoba na siku za mwisho za Februari.

Maana yake ni kwamba tuta lililoandaliwa upande wa kusini wa nyumba mwezi Januari linaweza kuwa na jua la kutosha siku linapopandwa, halafu likaingia gizani mwezi Mei na kubaki hivyo hadi Agosti, bila mtu yeyote kuhamisha kitu. Nimewahi kuona watu wakilaumu mbegu, wakilaumu udongo, hata wakimlaumu aliyewauzia miche, kumbe ukuta wao ndio uliobadilisha msimu.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Chagua siku isiyo na mawingu, kisha lizuru tuta saa mbili asubuhi, saa nne, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja jioni, na kila mara uandike kama jua linafika kwenye udongo moja kwa moja, linafika kwa madoadoa kupitia majani ya mti, au halifiki kabisa. Usitegemee saa sita kamili kuwa ndiyo kilele cha jua, kwa kuwa saa za nchi yetu hufuata mstari ulio mashariki zaidi, na jua la Mbeya hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo. Rudia upimaji mara moja katika kipupwe na mara moja katika msimu wa mvua. Mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi ni pa jua kamili. Saa tatu hadi sita ni nusu kivuli. Chini ya saa tatu ni kivuli kizito.

Mnanaa, giligilani, paseli na vitunguu majani huvumilia nusu kivuli, na mnanaa hata hujikongoja katika kivuli kizito. Tangawizi hupenda kivuli chepesi, lakini inataka joto pia, ndiyo maana humfaa zaidi mkulima wa Kyela au wa sehemu za chini za Rungwe kuliko yule wa Makete. Rozimari, zaatari, mchaichai na mrehani ni mimea ya jua. Kama tatizo lako ni rozimari inayokufa chini ya mti, huna haja ya kuendelea kusoma: ihamishie kwenye jua, mahali pasipotuama maji, nayo itapona ikiwa mizizi yake bado mizima.

Jambo moja zaidi kuhusu saa hizo. Mahali penye saa tatu za jua la asubuhi ni bora kuliko mahali penye saa tatu za jua la alasiri, kwa sababu huku kwetu umande wa usiku ni mwingi, na jua la asubuhi huukausha mapema kabla vimelea vya magonjwa havijapata muda wa kuota juu ya majani.

Shina linarefuka na mmea unaegemea upande mmoja

Mmea unaokosa mwanga huutafuta. Nafasi kati ya kifundo na kifundo huwa ndefu, majani huwa madogo na ya kijani kilichofifia, na shina huwa laini kiasi kwamba mvua ya kwanza yenye nguvu hulilaza chini. Tazama mimea yote inaegemea wapi. Ikiwa yote imeelekea upande mmoja, mwanga unatoka huko na kivuli ndicho chanzo. Ikiwa imesimama wima lakini ni myembamba na imebanana, huenda kivuli hakina hatia. Mbegu zilimwagwa kwa wingi mno na miche inatiliana giza yenyewe kwa yenyewe. Hapo tiba ni kuipunguza, ukiacha nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kati ya mche na mche wa giligilani, na ile unayoing'oa ukaitumia jikoni.

Giligilani ina hali nyingine ambayo mara nyingi huchanganywa na hii. Ikiwa shina la katikati linapanda haraka, na majani mapya ni membamba kama nyuzi badala ya kuwa mapana, mmea huo hautafuti mwanga, bali unajiandaa kutoa maua. Umri, ukavu wa udongo na joto huharakisha jambo hilo, na hakuna namna ya kulirudisha nyuma. Panda mbegu kidogo kila baada ya wiki tatu, ili tuta moja likiingia katika maua lingine liwe tayari kuchumwa. Hali ya hewa ya huku juu inaisaidia giligilani kukaa na majani yake muda mrefu kuliko pwani, na nusu kivuli huisaidia zaidi katika joto la Oktoba na Novemba.

Kama kweli mwanga ndio unaokosekana, usiweke mbolea. Mbolea ya naitrojeni huufanya mmea uliolegea ulegee zaidi. Ongeza mwanga wenyewe. Paka ukuta wa nyuma chokaa nyeupe, kwani ukuta wa tofali nyekundu humeza mwanga mwingi ambao ukuta mweupe ungeurudisha kwenye majani. Ondoa matawi ya chini ya mti, ukianza na yale yaliyo upande wa kaskazini na wa mashariki wa tuta, ili jua la kipupwe na jua la asubuhi lipate njia. Mparachichi usiupogoe kwa pupa siku moja, kwa maana gome lililozoea kivuli huungua likifunuliwa ghafla juani. Ondoa matawi machache mwaka huu na mengine mwaka ujao. Na ikiwa tuta liko upande wa kusini wa ukuta, lisogeze nje zaidi ya zile mita 2, au ulihamishie upande wa kaskazini kwa miezi ya Mei hadi Agosti.

Majani yanageuka manjano ilhali udongo una maji

Nimepanga kulieleza tatizo hili kwa urefu, kwa kuwa ndilo linalopoteza mimea mingi na ndilo nililolikosea mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa bustani yangu nilipanda paseli na mnanaa nyuma ya jiko, upande wa kusini, mwezi Machi. Hadi mwisho wa Aprili nilikuwa nachuma kila siku ya pili. Mwezi Juni majani ya chini yakaanza kugeuka manjano, mimea ikawa imelegea asubuhi na jioni, nami nikaona kulegea kule kuwa ni kiu. Nikamwagilia kila jioni. Majani yalipozidi kubadilika nikaongeza samadi ya ng'ombe. Kufikia katikati ya Julai paseli yote ilikuwa imelala. Nilipong'oa mmea mmoja ndipo nilipoelewa: mizizi ilikuwa ya kahawia, gome lake likichunika kwa vidole, na udongo ulitoa harufu ya kitu kilichooza.

Kilichotokea ni hiki. Mizizi huhitaji hewa. Katika kipupwe hakuna mvua, lakini udongo ulio kivulini haukauki pia, kwa sababu jua haliufikii, usiku ni wa baridi, na mmea wenyewe unakunywa kidogo tu kwa kuwa ukuaji umepungua. Kila ndoo ya maji ninayoongeza huziba nafasi za hewa zilizobaki. Mizizi iliyokosa hewa hufa na kushindwa kupandisha maji, na hapo ndipo mmea unapolegea ukiwa umesimama katika maji, huku mwenye bustani akiamini kwamba una kiu.

Kwa hiyo mmea ukilegea kivulini, usimwagilie kabla ya kuuchunguza udongo. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Ukihisi unyevu, acha. Ng'oa mmea mmoja ulio katika hali mbaya zaidi na utazame mizizi: mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, nayo haikatiki kwa urahisi; iliyooza ni ya kahawia na laini. Kisha chimba shimo la sentimita 30 karibu na tuta, lijaze maji, na uliangalie baada ya muda wa saa nne. Ikiwa maji bado yapo, mahali hapo panatuama, na hakuna mbolea itakayoparekebisha.

Tiba ya kweli ni kuinua tuta kwa sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa ardhi, likishikiliwa na tofali au mbao, na kuchanganya udongo wake na mboji iliyoiva na kitu kikavu chenye chembe kubwa. Anayeishi Mbeya au Rungwe anaweza kutumia vipande vidogo vya mawe mepesi ya volkano. Wa Iringa, ambako udongo mwekundu wa mfinyanzi hushikamana kama tofali, atafaidika na mchanga mkubwa wa mtoni. Mwagilia asubuhi, kamwe usimwagilie jioni katika kipupwe, na uwe tayari kupitisha siku tano au hata wiki nzima bila kumwagilia tuta lililo kivulini. Samadi mbichi isikaribie kabisa. Iache irundikwe na kuoza kwa miezi mitatu au zaidi, hadi ipoteze harufu yake kali na kuwa kama udongo mweusi.

Hata hivyo, si kila manjano hutoka kwenye maji. Ikiwa udongo unapitisha maji vizuri na majani ya zamani ndiyo yanayobadilika kwa usawa kuanzia chini, mmea una njaa ya naitrojeni, jambo ambalo ni la kawaida mwezi Julai kwa sababu vijidudu vinavyoivisha samadi udongoni hufanya kazi polepole katika baridi. Hapo mboji kidogo juu ya udongo inatosha, pamoja na subira hadi Septemba. Ikiwa majani machanga ndiyo ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, uliza majivu ya jikoni yanatupwa wapi. Nyumba nyingi zinazopikia kuni au mkaa humwaga majivu kwenye pembe hiyohiyo ya kivuli kila asubuhi, na majivu mengi huondoa uchachu wa udongo kupita kiasi hadi mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Konzi moja au mbili kwa mita ya mraba kwa mwaka mzima zinatosha, hasa katika udongo wenye uchachu wa Njombe na Mufindi. Zinazobaki zipelekwe kwingine. Na ikiwa majani yanageuka kuwa ya zambarau upande wa chini, mmea unashindwa kupata fosforasi, ama kwa sababu ya baridi ama kwa sababu udongo wa volkano huishikilia fosforasi kwa nguvu. Hali inayoletwa na baridi huondoka yenyewe joto linaporudi.

Wengine huona kuvumwani na utelezi wa kijani juu ya udongo, wakadhani ndio ugonjwa. Huo ni ushahidi tu kwamba uso wa udongo umeshindiliwa na haukauki. Ukwangue, tifua juu juu, inua tuta, nao hautarudi haraka.

Mimea inakauka kivulini hata wakati wa mvua

Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba kivuli na unyevu ni ndugu. Chini ya mti mkubwa inaweza kuwa kinyume kabisa. Majani ya mparachichi ni mapana na mazito, hivyo mvua nyepesi huishia juu yake. Mvua inayopita huwahiwa na mizizi ya mti, ambayo sehemu yake kubwa inayonyonya chakula imesambaa karibu na uso wa ardhi. Mkaratusi ni mbaya zaidi. Hunywa maji kwa wingi, na majani yake yanayoanguka yana mafuta yanayozuia mbegu za mimea mingine kuota. Sijaona mahali ambapo ilifaa kupanda viungo chini ya mkaratusi, na ushauri wangu ni kuacha kujaribu.

Kuthibitisha ni rahisi: chimba sentimita 15 katikati ya tuta. Ukikutana na wavu wa mizizi myembamba ambayo si ya giligilani yako, umempata mnyang'anyi. Usiikate mizizi ya mparachichi ili kujipatia nafasi, na wala usirundike udongo kwenye shina lake, kwa maana mti huo huoza mizizi upesi na utaupoteza pamoja na viungo. Panda kwenye ndoo kuukuu, viroba au vyungu vyenye matundu chini, na uviweke juu ya tofali au mawe. Chombo kilichokalishwa ardhini moja kwa moja hupandwa na mizizi ya mti kupitia matundu hayo, na baada ya msimu mmoja utakikuta kimejaa.

Migomba haina ubaya huo. Katika mashamba ya migomba ya Rungwe, mnanaa uliopandwa pembezoni mwa migomba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapoelekezwa, hustawi sana, kwa sababu kivuli chake ni cha madoadoa na majani yake makavu hugeuka matandazo.

Ukavu wa namna nyingine hutokea chini ya upenu. Mita nusu iliyo karibu na ukuta haipati mvua, huku mstari unaopokea maji ya bati ukipigwa hadi udongo unakuwa mgumu na miche inavunjika. Mtu huona tuta limelowa mbele na kudhani limelowa lote. Weka mfereji wa bati, au acha sehemu hizo mbili bila mimea.

Mbegu hazioti, au miche inalala baada ya kuota

Kabla ya kulaumu kivuli, ijaribu mbegu. Funga mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu, ukiweke mahali pa joto jikoni, na uzihesabu zilizoota baada ya wiki mbili. Giligilani huota kati ya siku 7 na 21, na katika udongo wa baridi wa Juni huchelewa zaidi. Kuiponda kidogo ili tunda lake ligawanyike mara mbili na kuiloweka usiku mmoja huisaidia. Paseli ni ya polepole kwa asili yake, ikichukua wiki tatu hadi tano, na mbegu zake hupoteza uhai mapema, hivyo pakiti ya miaka iliyopita huenda imekufa. Watu wengi huifukua tuta la paseli katika wiki ya pili wakidhani limeshindikana.

Miche ikiota kisha ikakatika shingoni, sehemu inayogusa udongo ikiwa nyembamba na nyeusi, huo ni kinyausi. Husababishwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda baridi, unyevu na msongamano, na kivuli huvipa vyote. Miche iliyoanguka haiponi. Acha kumwagilia kwa siku kadhaa, ondoa udongo wa eneo hilo pamoja na miche iliyougua, na mbegu zinazofuata zimwage kwa nafasi kubwa. Paseli iotesheni kitaluni kwenye jua kamili, kisha mche ukiwa na majani manne au matano uhamishwe kivulini. Giligilani haipendi kuhamishwa kwa sababu ya mzizi wake mrefu wa katikati, kwa hiyo ipandwe papo hapo katika miezi ya Septemba hadi Aprili. Mnanaa hauna haja ya mbegu: kipande cha shina chenye vifundo vitatu huota mizizi ndani ya glasi ya maji kwa muda wa wiki mbili hivi.

Unga mweupe, kutu na vinyoya

Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga. Tofauti na magonjwa mengi ya ukungu, huu hauhitaji jani lililolowa maji; unatosheka na hewa iliyotuama, msongamano na kivuli, ndiyo maana huweza kuonekana hata katika miezi isiyo na mvua. Punguza mimea, kata majani yaliyoathirika, fungua njia ya upepo.

Mnanaa wenye vidonda vya rangi ya machungwa chini ya majani una kutu. Usichume jani mojamoja. Kata shina zote hadi usawa wa udongo, zichome au uzifukie mbali, wala usizitupe kwenye mboji. Machipukizi mapya mara nyingi hutoka yakiwa safi. Kutu ikirudi, chukua vipande kutoka mmea mzima wa mahali pengine na uanze tuta jipya.

Mrehani unaopata manjano juu ya jani na ukungu wa kijivu chini yake una ubwiri vinyoya. Katika msimu wa mvua, kivulini, sijaona mrehani uliopona ugonjwa huo. Ung'oe.

Majani yanakuwa meusi mwezi Juni au Julai

Mrehani hauvumilii baridi. Usiku wa Mbeya katika kipupwe mara nyingi hushuka chini ya nyuzi joto 10, na majani ya mrehani huwa meusi hata kama umande haujaganda. Hakuna dawa isipokuwa kuukuza ndani ya nyumba kwenye dirisha linalotazama kaskazini, au kuukausha mwezi Mei na kuupanda tena Septemba.

Kwa mimea mingine, kivuli cha mti kinaweza kuwa mlinzi. Anayelima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu, huko Iringa na Njombe anajua kwamba hewa ya baridi huteremka usiku na kukaa bondeni, na kwamba asubuhi umande ulioganda huunguza mboga zilizo wazi kabisa. Chini ya matawi mepesi joto la ardhi halipotei haraka kuelekea angani, hivyo paseli iliyo chini ya mti hunusurika wakati ile ya uwanjani imeungua. Majani yaliyounguzwa yasikatwe mara moja. Yaache yakinge moyo wa mmea hadi baridi ipite.

Harufu na ladha ni hafifu

Mafuta yanayobeba harufu hutengenezwa kwa nguvu ya jua, kwa hiyo mmea wa kivulini utakuwa na majani makubwa, laini, yenye harufu ndogo. Mchaichai huonyesha jambo hili kuliko mingine: uliokulia kivulini hutoa chai isiyo na mvuto. Samadi nyingi huzidisha hali hiyo, na huleta pia vidukari, wanaopenda machipukizi laini. Punguza samadi, chuma majani umande ukishakauka lakini kabla jua halijawa kali, na kwa giligilani ongeza kiasi unachotia chunguni. Mnanaa hupoteza harufu kidogo tu, na kwa maoni yangu ndio unaostahili nafasi ya kwanza katika bustani yoyote yenye kivuli.

Majani yanaliwa usiku

Matundu yasiyo na mpangilio na utepe unaong'aa juu ya udongo ni kazi ya konokono na koa, yaani wale wasio na gamba mgongoni. Mche uliokatwa chini na kuachwa umelala bila kuliwa ni kazi ya sota, yaani kiwavi anayekata miche, na ukifukua sentimita chache kando yake utamkuta amejikunja. Matandazo mazito, ambayo ni msaada mkubwa juani, kivulini huwa malazi ya wote hao katika msimu wa mvua. Yaondoe Desemba hadi Aprili na uyarudishe Mei. Laza ubao au gunia lililolowa kando ya tuta jioni, ulifunue alfajiri, na uwakusanye waliojificha chini yake. Kwa wiki ya kwanza fanya hivyo kila siku bila kuruka, kwa sababu mayai yaliyo udongoni huendelea kuanguliwa. Kuku wakiruhusiwa kupita hapo kwa muda mfupi kabla ya kupanda huokota waliobaki, lakini wafungiwe siku miche inapohamishiwa tutani.